Jina la Mwenye Kanzu

Mjuzi wa kanzu za kale za Kipalestina akiletewa kanzu huigeuza kwanza. Upande wa nje ulishonwa uonekane na watu wote: kifua kilichojaa hariri nyekundu, mikono mipana yenye ncha ndefu, safu za miberoshi zilizopanda ubavuni mpaka kwapani. Upande wa ndani ulikuwa wa mwenyewe. Humo uzi umefungwa mafundo na kukatwa, na hariri ingali na wekundu wake wa kwanza kwa kuwa jua halikuifikia. Kwapani kuna kiraka cha kitambaa kingine, kwa sababu aliyeivaa alikuwa mvunaji. Chini ya kifua, pembeni, huenda pakawa na mpasuko mdogo wa kunyonyeshea, uliozibwa watoto walipokwisha kukua. Pindo limeshushwa, likapandishwa, likashushwa tena. Ukikaa saa nzima na upande huo wa ndani utaondoka ukijua mengi juu ya mwanamke mmoja: kimo chake, kazi zake, uzazi wake, na jinsi alivyokuwa mwangalifu au mwenye haraka. Jina lake tu ndilo halimo.

Jambo hilo hunirudia kila ninapowafikiria watu waliojitolea kukusanya mavazi na mapambo ya kale ya Palestina. Bila wao tungekuwa na picha chache zilizofifia na masimulizi ya wasafiri waliokwenda kutafuta nchi ya Biblia, wakawaona wanawake wa shambani kana kwamba wametoka katika kurasa za Agano la Kale. Kazi ya wakusanyaji ni kubwa na ninaiheshimu. Lakini ninaamini kwamba mkusanyaji hupimwa kwa swali moja: alipoichukua kanzu, alimchukua na mwenyewe?

Kabla ya 1948 mwanamke wa kijijini akienda sokoni hakuhitaji kuulizwa atokako. Wanawake wa Ramallah walivaa kitani nyeupe wakati wa kiangazi na nyeusi wakati wa baridi, wakaishonea hariri nyekundu, na mtende mrefu ulikuwa umbo lao walilolipenda. Katika vijiji vya karibu na Jaffa, Beit Dajan kikitajwa mbele, walitarizi miberoshi, maua ya michungwa na pembetatu za hirizi, na kanzu moja ya bi harusi ilichukua miezi mingi ya jioni. Majdal, mji wa wafumaji katika pwani ya kusini, ulikuwa na mamia ya mitambo ya kufumia. Kutoka huko vijiji vya kusini vilipata kitambaa cha nili chenye mistari ya kijani na nyekundu ukingoni, ambacho Waarabu walikiita Janna wa Nar, Pepo na Moto. Miongoni mwa Wabedui wa jangwa la Naqab mwanamwali alitarizi kwa bluu, naye aliyeolewa kwa nyekundu.

Karibu kote huko mshono ulikuwa mmoja: misalaba midogo inayofuata nyuzi za kitambaa, inayohesabiwa mmoja mmoja bila kuchorwa kwanza. Binti alijifunza kwa kuketi kando ya mama yake na kuhesabu. Akikosea uzi mmoja mwanzoni, mti mzima utapinda, naye atajua tu afikapo kileleni. Ndiyo maana kanzu nyingi za kale zina mahali ambapo umbo linageuka ghafla, au rangi moja inabadilika kabla ya safu kwisha. Baadhi ya wauzaji huziita kasoro na kupunguza bei. Mimi huona hapo mtu aliyeishiwa uzi, au aliyeitwa jikoni, au aliyeachiwa kazi na dada yake aliyekuwa ameolewa mbali.

Bethlehemu walikwenda njia yao. Huko uzi wa hariri, au wa dhahabu na fedha, hulazwa juu ya kitambaa na kupindwa kuwa maua na majani, kisha hushikizwa kwa mishono midogo isiyoonekana kwa urahisi. Kanzu yao ya harusi iliitwa malak, ya kifalme. Juu yake ilivaliwa taqsireh, koti fupi la mahameli ambalo mikono yake haifiki kwenye kifundo. Vifua vya Bethlehemu vilitamaniwa mno, hata wanawake wa vijiji vingine wakawa wanavinunua vikiwa tayari na kuviunganisha na kanzu walizozitarizi wenyewe. Hivyo mji huo ukawa na mafundi wa kike walioishi kwa sindano. Mmoja wao, Manneh Hazbun, alihamia Beit Dajan na ufundi wake katika miaka ya 1920, na kazi ya Beit Dajan ikabadilika kwa sababu yake. Ninamtaja kwa makusudi. Katika sanaa iliyofanywa na maelfu ya wanawake kwa vizazi, majina ya kale yaliyoingia vitabuni yanahesabika, na lake limo kwa sababu alikuwa fundi wa kulipwa, mwenye wateja na sifa. Aliyejishonea mwenyewe kanzu ya harusi yake, hata ikiwa bora kuliko zote zilizotoka Bethlehemu, ameandikwa kwenye kibandiko cha makumbusho kwa neno moja: hajulikani.

Kichwani palikuwa na utajiri zaidi. Mwanamke aliyeolewa wa Bethlehemu, Beit Jala au Beit Sahour alivaa shatweh, kofia ngumu iliyosimama, yenye safu za sarafu na marijani mbele, na juu yake shela kubwa jeupe lililomfunika mpaka mgongoni. Kwenye vilima vya Hebroni kofia ilifunikwa sarafu pande zote mpaka kitambaa chake kikapotea. Ramallah sarafu zilipangwa zikasimama kuizunguka kofia, zikibana nywele juu ya paji la uso. Mkufu wa fedha, znaq, ulipita chini ya kidevu kuishika kofia mahali pake, ukiwa na sarafu nyingine ikining'inia katikati. Uzito wake wote mwanamke aliuzoea kama sehemu ya mwili. Alioka mikate nao, akateka maji nao.

Sarafu hizo zilitokana na mahari, na msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu hapo. Sehemu ya kilichotolewa na upande wa bwana harusi iligeuzwa kuwa fedha itakayokaa juu ya mwili wa bibi harusi, na hicho kilikuwa chake. Wakristo na Waislamu wa vijiji vile walikuwa na desturi zinazofanana katika hili. Hilma Granqvist, mwanaanthropolojia wa Ufini aliyeishi katika kijiji cha Artas karibu na Bethlehemu miaka ya 1920, aliandika mambo ya ndoa ya kijiji kile nyumba kwa nyumba, na kitabu chake ni miongoni mwa vichache ambamo wanawake hawa wana baba, waume, wake wenza, ugomvi na madeni. Mvua zikikosekana, au mtoto akiugua, sarafu moja ilikatwa uzi na kuuzwa. Basi kofia ya kale yenye mapengo inasimulia miaka. Wapo wauzaji wanaoyajaza mapengo kwa sarafu za mahali pengine ili kofia ipendeze. Wanaifuta miaka hiyo bila kujua, au wakijua.

Miongoni mwa sarafu zilizotumika ni reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ileile iliyopita mikononi mwa watu wa Unguja, Maskati na Uhabeshi katika karne ya 19. Reale hii imewapotosha wengi. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule kwa vizazi vilivyofuata, mpaka ndani ya karne ya 20. Mtu akikuambia pambo ni la karne ya 18 kwa ushahidi wa reale, hajakuthibitishia kitu. Tazama badala yake sarafu iliyo changa kuliko zote katika safu, tazama tundu lilivyotobolewa na lilivyolika kwa kuning'inia, tazama uzi. Tundu lililolika upande mmoja limebebwa na mtu aliyetembea miaka mingi. Tundu lenye kingo kali limetobolewa juzi.

Fedha ya kale yenyewe ni adimu kwa sababu ilidharauliwa ilipokuwa tele. Chini ya utawala wa Waingereza ladha iligeuka, dhahabu ikawa ndiyo heshima, na bangili nzito za fedha zikaonekana za bibi wa shamba. Mabinti walizipeleka kwa sonara, zikapimwa, zikayeyushwa. Sioni sababu ya kuwalaumu. Mwanamke aliyebadilisha fedha ya mama yake kwa dhahabu alikuwa akiitumia mali yake kama ilivyokusudiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba mjukuu wake atakuja kuitafuta bangili ileile kwenye maduka ya vitu vya kale mjini London.

Kati ya vyote vilivyoning'inia kwenye miili hiyo, vilivyonifundisha zaidi ni vile vidogo visivyo na thamani sokoni: hirizi. Ushanga wa bluu dhidi ya jicho baya. Jiwe jeupe kama maziwa kwa mama anayenyonyesha. Jiwe jekundu kwa damu, la manjano kwa ugonjwa wa manjano. Kijisanduku cha fedha chenye maandishi ndani. Kiganja cha mkono cha bati. Mtu mmoja alizikusanya kwa namna ambayo ningependa kila mkusanyaji aijue. Tawfiq Canaan alizaliwa Beit Jala mwaka 1882, akawa daktari Yerusalemu, mtaalamu wa ukoma na maradhi ya nchi za joto. Kila siku walimjia wagonjwa waliovaa shingoni tiba nyingine, na badala ya kuwacheka aliwauliza. Hirizi hii ni ya nini? Nani alikupa? Unatoka kijiji gani? Aliziomba, akaandika majibu, na kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka 1947 alikusanya zaidi ya 1,400.

Ni daktari wa sayansi ya kisasa huyo, aliyesoma na kuchapisha kwa lugha za Ulaya, na bado aliona kwamba ushanga wa mgonjwa una maana kamili pale tu unapokuwa na ugonjwa wake na hofu yake. Kama angezichukua bila kuuliza, leo zingekuwa shanga. Mwaka 1948, vita vilipokaribia, aliziweka hirizi zake kwa taasisi ya kimataifa upande wa magharibi wa mji. Nyumba yake ya mtaa wa Musrara iliporwa, maktaba na miswada yake ikapotea. Hirizi zilinusurika. Canaan alifariki mwaka 1964, na mwaka 1995 familia yake ilizikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Birzeit, ambako zingali.

Mwaka uleule wa 1948 ndio ulioigeuza maana ya kila kanzu. Zaidi ya watu 700,000 walitoka au walifukuzwa makwao, na zaidi ya vijiji 400 vikabaki bila wenyewe. Beit Dajan ilikuwa miongoni mwao. Majdal ulibakiwa na wachache, nao wakaondolewa kwenda Gaza kufikia 1950, na wafumaji wake wakaanza upya huko na walichoweza kubeba. Kabla ya hapo kanzu ilikuwa ikisema, ninatoka kijiji kile. Baada ya hapo ilikuwa ikisema hivyohivyo, na kijiji hakipo. Mwanamke aliyekimbia na watoto watatu na funguo alibeba pia alichokuwa amekivaa, na pengine kanzu ya harusi ndani ya bunda. Kambini alibadilisha kwanza bangili kwa unga. Kanzu aliiuza mwisho.

Hapo ndipo biashara ilipostawi, na ndipo ninaposhindwa kuzungumzia kanzu hizi kwa furaha tupu. Hasa baada ya vita vya 1967 kanzu nyingi ziliingia madukani katika mji mkongwe wa Yerusalemu. Mtalii hakutaka kanzu nzima. Ilikuwa nzito, imevaliwa, ina harufu ya moshi. Basi ikakatwa. Kifua kikawa mto wa kiti, ubavu ukawa mkoba, pindo la nyuma likawa kitambaa cha meza. Mavazi ambayo mwanamke aliyahesabu uzi kwa uzi yalivunjwa vipande kwa mkasi katika alasiri moja. Ni kweli pia kwamba wanawake wenyewe walihamisha vifua kutoka kanzu iliyochakaa kwenda kanzu mpya, na hiyo ilikuwa desturi ya kale, ya kuheshimu kazi. Mkato wa mama anayemhamishia binti kifua chake na mkato wa dukani unaweza kufanana machoni. Tofauti yake ni kwamba wa kwanza ulijua kipande kinakwenda wapi.

Widad Kawar aliyaona hayo yakitokea. Alizaliwa Tulkarm mwaka 1931, akalelewa Bethlehemu, mji ambao wanawake wa vijiji vya jirani waliuendea kwa soko na kwa nguo, na tangu ujana wake alianza kuweka kanzu walizokuwa wakizivaa. Alipoolewa na kuhamia Amman, wenye kanzu walimfuata bila kupenda: kambi za wakimbizi za Yordani zilijaa wanawake wa vijiji alivyovijua. Alikwenda kambini akaketi nao. Alinunua, naam, lakini alisikiliza kwanza, na simulizi zao akazitunza pamoja na nguo. Kitabu chake cha 2011 kimejengwa juu ya maisha ya wanawake hao. Nguo na mapambo yake, zaidi ya vitu 2,000, vilikaa nyumbani kwake kwa miongo kabla ya kufungua mwaka 2015 nyumba ya mavazi ya Kiarabu mjini Amman, iitwayo Tiraz. Huko Uingereza, Shelagh Weir wa British Museum alifanya utafiti wa miaka mingi vijijini na kambini na kutoa mwaka 1989 kitabu ambacho hadi leo wauzaji na wajuzi hukifungua wanapotaka kutenganisha kijiji na kijiji. Nchini Marekani, Hanan na Farah Munayyer walianzisha wakfu wa urithi wa Palestina, na Hanan akaandika historia ndefu ya mavazi haya.

Kawar namweka mbele ya wote kwa sababu ya kile kitendo cha kuketi. Aliyeketi anajua bei aliyotoa ilikwenda kulipa nini. Mkusanyaji wa vitu vya watu waliopoteza nchi hanunui kamwe mahali palipo na usawa. Anayeuza ana haja, naye ana nafasi ya kungoja. Kulipa vizuri hakuiondoi hali hiyo. Wako wanaosema basi ni heri kanzu zingebaki kwa wenyewe. Nawaelewa, lakini kambini paa linavuja, nondo na panya hawachagui, na mtoto anataka ada ya shule. Zingine zilizobaki kwa wenyewe zimekwisha kuoza. Kilichowezekana, na ambacho hakikugharimu senti, ni kuuliza na kuandika: wewe nani, mama yako nani, uliishona wapi, uliivaa siku gani, kwa nini unaiuza leo.

Hata jina likiandikwa, mara nyingi halitoshi. Katika vijiji hivyo, kama kwetu, mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, Umm fulani, na jirani wa miaka mingi huenda asilijue jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Daftari la mkusanyaji likisema tu kanzu ni ya Umm fulani wa Beit Dajan, tumempata mwanawe. Inabidi kuuliza mara ya pili.

Katika kanzu zote ninazozijua kwa picha na kwa macho, zinazonishika zaidi ni za msiba. Katika vijiji vya kusini, mwanamke aliyefiwa alichukua kanzu yake yenye tarizi nyekundu akaitumbukiza nzima katika nili. Kitambaa kiliiva giza, na hariri nyekundu ikageuka kuwa zambarau nzito, karibu nyeusi, umbo lake likionekana tu mwanga ukilala juu yake. Siku zilivyopita na kanzu kufuliwa, nili ilipungua kidogo kidogo na wekundu ukaanza kurudi. Kwa macho ya muuzaji hiyo ni kanzu iliyoharibika. Rangi haziko safi, haiwezi kupamba ukuta. Bei yake ilikuwa ya chini kwa muda mrefu. Nadhani hakuna kanzu nyingine inayotaka jina kwa nguvu kama hiyo, kwa sababu kuna majina mawili ndani yake, la aliyevaa na la aliyezikwa, na yote mawili yalijulikana kijiji kizima siku ile ilipoingizwa katika birika la rangi.

Soko lina mapenzi yake, na huyapanga kwa umri. Hariri iliyopakwa rangi za mimea na wadudu, ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo inayolipiwa sana. Kanzu za miaka ya 1930 na kuendelea hushuka bei, kwa kuwa ndipo uzi wa pamba wa DMC kutoka Mulhouse, Ufaransa, ulipoenea, pamoja na vitabu vyake vya michoro, na wanawake wakaanza kutarizi waridi na ndege wa Ulaya karibu na miberoshi yao. Sikubaliani na wanaoziona kanzu hizo kuwa zimepungukiwa. Mwanamke aliyepata nyuzi ambazo hazitoi rangi akifua, akazipenda, alikuwa akifanya alichofanya bibi yake aliponunua hariri iliyoletwa kutoka Siria. Kazi iliendelea kuishi. Kambini, vijiji vikiwa vimechanganyika mlango kwa mlango, maumbo nayo yalichanganyika, na ikazaliwa kanzu isiyo ya kijiji chochote. Wakati wa Intifada ya kwanza, iliyoanza mwaka 1987, bendera ya Palestina ikiwa imepigwa marufuku, wanawake waliitarizi kifuani pamoja na ramani na njiwa, wakatembea nayo barabarani. Kanzu hizo ni za nyuzi za bei nafuu juu ya kitambaa cha kiwandani. Zilipoonyeshwa Beirut mwaka 2016 katika maonyesho ya Makumbusho ya Palestina juu ya historia ya kisiasa ya tarizi, zilikaa sawa na hariri za kale, na hapo ni mahali pake.

UNESCO iliiingiza sanaa ya tarizi ya Palestina katika orodha yake ya urithi wa binadamu Desemba 2021. Kilichoorodheshwa ni ujuzi, desturi na maarifa. Nguo yenyewe haiwezi kuorodheshwa ikalindwa kwa karatasi. Oktoba 2023 Makumbusho ya Rafah, Gaza, yaliyokuwa yamekusanya kwa subira mavazi, mapambo na vyombo vya watu wa kusini, yaliharibiwa kwa bomu. Katika nyumba ngapi za Gaza kulikuwa na kanzu ya bibi wa Majdal ndani ya kabati, hilo halina daftari. Familia ziliondoka na mikoba ya mkononi, kama mabibi zao walivyoondoka, na safari hii wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia kuchukua hata kipande.

Kwa hiyo kanzu zilizo Amman, London, Santa Fe na kwenye droo za watu binafsi zimebeba mzigo ambao hazikuwa nao miaka michache iliyopita. Zile za Majdal na Gaza huenda zikawa ndizo pekee ambazo fundi anaweza kuhesabu nyuzi zake. Wafa Ghnaim, mtarizi wa Kipalestina aliyekulia Marekani, huzichukua kanzu za kale na kuzishona upya mshono kwa mshono ili aelewe mkono wa aliyetangulia. Alifundishwa na mama yake, Feryal Abbasi-Ghnaim, aliyezaliwa Safad na ambaye mwaka 2018 alipewa nchini Marekani heshima ya taifa ya wasanii wa jadi. Kila umbo analolifundisha Wafa hulifundisha pamoja na jina la mama yake na simulizi aliyopewa nalo. Wenye makusanyo wanaomfungulia droo fundi wa namna hiyo, wakamwachia meza, mwanga na muda, wanafanya zaidi ya wanaoiweka kanzu nyuma ya kioo kisichofunguliwa.

Wasichana waliokuwa na umri wa kuanza kushika sindano mwaka 1948 sasa wamepita miaka 80. Baadhi wangali hai katika kambi za Yordani, Lebanoni na Ukingo wa Magharibi, na wengi wao wangeweza kutazama picha ya kifua cha Beit Dajan na kusema hii ni kazi ya nyumba ipi. Mwenye kanzu isiyo na jina, popote alipo, anaweza kuipiga picha nje na ndani wiki hii na kuipeleka kwao. Picha za ndani zisisahaulike, hasa za kwapani, za pindo na za mahali uzi ulipobadilika rangi, kwa kuwa jirani humtambua jirani yake kwa namna alivyofunga fundo.